Gemu ya Zamani, Kundi Dogo: Jinsi ya Kupanga Mechi na Kuchanga Pesa ya Seva Bila Kugombana

Unafungua gemu Jumanne saa nne usiku. Seva iko hewani, ramani ni ile unayoijua hata ukifumba macho, lakini hakuna mtu. Unangoja dakika kumi na tano, unafunga, unalala. Dakika ishirini baadaye mwenzako anaingia, anakuta seva tupu, naye anafunga. Kesho yake nyote wawili mnaandika kwenye kikundi: "Hii gemu imekufa."

Haijakufa. Mmepishana tu.

Makundi mengi ya gemu za zamani yako hivi. Watu kumi na wawili, pengine ishirini, wanaoipenda gemu kwa dhati, lakini wana kazi, watoto, zamu za usiku na safari za mashambani. Somo la leo ni kwa yule mmoja anayetaka kuwakusanya. Tutaangalia namna ya kupanga mechi, kisha tutaingia kwenye jambo linalovunja makundi mengi zaidi ya uchovu: pesa ya seva.

Kwa nini gemu ya zamani inahitaji mpangaji

Gemu mpya yenye wachezaji wengi haihitaji miadi. Unabonyeza kitufe, mitambo ya kampuni inakutafutia wapinzani, mnaanza. Gemu za zamani hazina anasa hiyo. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama nyongeza iliyotengenezwa na mashabiki wa Half-Life. Age of Empires II na Quake III Arena zilitoka mwaka huohuo. Mtu aliyekuwa kidato cha pili wakati huo leo amefika miaka arobaini au ameipita.

Tena, kampuni huchoka kabla ya wachezaji. Mwezi Aprili 2010, Microsoft ilizima huduma ya Xbox Live kwa mashine za Xbox za kwanza. Wachezaji wachache wa Halo 2 walikataa kuzima mashine zao, wakaendelea kucheza wao kwa wao kwa wiki kadhaa, hadi wa mwisho alipokatika mwezi Mei. Mwezi Mei 2014, GameSpy, iliyokuwa ikiwaunganisha wachezaji wa mamia ya gemu, nayo ilifunga huduma zake.

Gemu zilizobaki hai baada ya hapo ni zile ambazo wachezaji wenyewe wangeweza kuzishikilia. Quake III ilipata bahati: mwaka 2005 msimbo wake uliachiliwa kwa umma, na mashabiki wanaendelea kuutunza. Counter-Strike 1.6 nayo inakuruhusu kuendesha seva yako mwenyewe. Lakini ukisikia "wachezaji wenyewe", jua ni mtu fulani anayelipa bili ya mwezi, na mtu fulani anayewakumbusha wenzake kwamba mechi ni Alhamisi. Kazi hizo mbili ndizo tunazozungumzia.

Hatua ya 1: Hesabu watu halisi

Kikundi cha WhatsApp kinaweza kuwa na majina sitini. Hiyo si timu. Uliza swali moja tu: "Nani alicheza angalau mara moja mwezi uliopita?" Ukipata kumi na nne, kundi lako lina watu kumi na wanne. Panga mambo yako kwa namba hiyo.

Usikate tamaa ikiwa ni ndogo. Quake III inachezeka vizuri na watu wawili. Age of Empires II inabeba hadi wanane kwenye mechi moja. Watano kwa watano kwenye Counter-Strike wanahitaji kumi. Kundi la watu kumi na wanne likikutana saa moja linatosha kwa zote tatu. Likitawanyika siku saba za wiki, ni watu wawili kwa siku, na hao wawili huenda wasikutane.

Hatua ya 2: Siku moja, saa moja, isiyobadilika

Hapa usiwe mpole sana. Ukipiga kura kila wiki kuuliza "mnapatikana lini?", utapata majibu kumi tofauti na mechi sifuri. Chagua siku moja na saa moja, kisha ishike kwa miezi mitatu. Mtu mwenye familia anaweza kuomba ruhusa ya kila Alhamisi. Ruhusa ya "siku yoyote tutakayokubaliana" hapewi na mtu.

Taja na saa ya kumaliza. Kwa watu wazima hii ina uzito kuliko saa ya kuanza. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu atakuja akijua ataachiliwa saa tano usiku. Asipojua, hatakuja kabisa.

Kama mna wenzenu waliohamia nje, andika saa kwa uangalifu. Saa tatu usiku ya Nairobi ni saa tatu usiku pia Kampala na Dar es Salaam. Kigali ni saa mbili usiku, na Dubai ni saa nne. London ni saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi na saa moja jioni wakati wa kiangazi, kwa sababu Uingereza hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wiki hizo mbili tuma kikumbusho cha pili. Tena weka na namba ya saa 24. Ukiandika "saa tatu" peke yake, yupo atakayesoma 21:00, na yupo mtoto wa mtu aliyekulia ughaibuni atakayesoma 3:00.

Wakati wa Ramadhani, uliza wenzako Waislamu. Mechi inaweza kusogezwa hadi baada ya tarawehe, kisha ikarudi mahali pake baada ya Idi.

Ujumbe wa mwaliko uwe mfupi:

*"Wadau, Alhamisi hii saa tatu usiku, 21:00 ya Nairobi. Counter-Strike 1.6. Seva iko wazi kuanzia saa tatu kasorobo. Mechi ya kwanza saa tatu na dakika tano, tunamaliza saa tano kamili. Andika NAKUJA au LABDA kabla ya Jumatano jioni."*

Unapohesabu, kila "labda" mbili zihesabu kama mtu mmoja. Na kila anayejibu mapema, mtaje jina kwenye orodha. Watu huja wanapoona wengine wanakuja.

Hatua ya 3: Chagua mashindano yanayofaa watu wachache

Mtoano, yaani ukishindwa unaenda nyumbani, unafaa uwanja wenye watu mia. Ukiwa na wanane, mechi za kwanza zikiisha nusu yao hawana kazi tena. Umewangojea wiki nzima, kisha unawafukuza baada ya dakika kumi.

Jaribu mojawapo ya hizi:

- Kila mtu na kila mtu. Wachezaji sita wanatoa mechi 15. Wanane wanatoa 28, ambazo ni nyingi kwa usiku mmoja, kwa hiyo zigawe kwa wiki nne.
- Ngazi. Majina yanapangwa kutoka juu hadi chini. Unaruhusiwa kumwita mtu aliye nafasi moja au mbili juu yako. Ukimshinda, mnabadilishana nafasi. Hii inawafaa wenye ratiba ngumu, maana wawili wakipata nafasi Jumapili mchana wanacheza bila kumngoja mtu.
- Timu za kuchanganya. Kila usiku timu mpya, lakini pointi ni za mtu binafsi. Hakuna anayekwama na timu dhaifu msimu mzima.

Kugawa timu kwa haki kuna njia rahisi. Panga wachezaji wanane kwa uwezo, wa 1 akiwa bora. Timu moja ichukue wa 1, 4, 5 na 8. Nyingine ichukue wa 2, 3, 6 na 7. Jumlisha: kila upande ni 18. Mkiwa saba, waliopungukiwa mtu wapewe mchezaji bora.

Kuna mtu wa kulindwa hapa: yule aliyerudi baada ya miaka minane. Mikono imesahau. Akipigwa mechi tatu mfululizo bila kupumua, hatamwambia mtu, ila hutamwona tena. Mpe mwenzake mzoefu usiku wa kwanza.

Hatua ya 4: Seva iwe wapi?

Kabla ya mwaka 2009, intaneti ya Kenya kwenda nje ilitegemea setilaiti zilizo takribani kilomita 36,000 juu ya dunia. Ujumbe kwenda na kurudi ulichukua zaidi ya nusu sekunde, na kwenye gemu ya risasi nusu sekunde ni kifo. Ndiyo maana raha ya miaka ile ilikuwa kuunganisha kompyuta kwa waya ndani ya chumba kimoja. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na mambo yakabadilika.

Umbali bado una gharama yake. Kila kilomita 1,000 za waya huongeza takribani milisekunde 10 kwenda na kurudi, na waya haupiti mstari ulionyooka. Kwa hiyo seva iliyo karibu na wachezaji wengi ndiyo ya haki. Kama nusu yenu mko Nairobi na nusu Ulaya, badilishaneni: wiki hii seva ya huku, wiki ijayo ya kule.

Age of Empires II ina tabia nyingine. Kompyuta zote huendesha vita vilevile kwa pamoja, kwa hiyo mashine au mtandao wa mmoja ukiwa mzito, wote mnapunguzwa mwendo. Kabla ya kumlaumu mwenye laptopu ya zamani, punguzeni ukubwa wa ramani na idadi ya majeshi. Mtacheza vizuri, naye atabaki.

Kuhusu bando: kucheza kwenyewe hakuli data nyingi. Kinachokula ni kupakua gemu na marekebisho yake. Waambie watu wafanye hivyo siku moja kabla, wakiwa kwenye WiFi. Na stima ikipotea kwa mtu katikati ya mechi, kuwe na sheria inayojulikana: mnamngoja dakika kumi, kisha mnaendelea na mtu wa akiba, bila adhabu.

Hatua ya 5: Pesa ya seva iendeshwe kama chama

Sasa tufike penye moto. Makundi mengi huanza na mtu mmoja mkarimu anayelipa seva kutoka mfukoni mwake. Mwaka wa kwanza anafurahi. Mwaka wa pili anaanza kuamua nani acheze na nani atolewe, maana seva ni yake. Mwaka wa tatu kazi inayumba, halipi, na asubuhi moja kila kitu kimepotea: ramani, rekodi, orodha ya washindi. Hakuna aliyekosa kwa makusudi. Ni kwamba hapakuwa na mpango.

Wakenya tunajua dawa yake, maana tumekulia kwenye vyama. Chagueni mweka hazina mmoja, na mtu wa pili wa kukagua. Kisha fanyeni hesabu wazi. Tuseme seva ni KSh 1,800 kwa mwezi na wachangiaji ni 12:

- Kwa mwezi, kila mtu KSh 150.
- Kwa miezi mitatu, kila mtu KSh 450, jumla KSh 5,400.
- Ongezeni KSh 50 ya akiba kila mtu. Sasa ni KSh 500 kila mmoja, jumla KSh 6,000.

Ile KSh 600 ya ziada ina kazi. Awamu ijayo watu wawili wakichelewa, mtakusanya KSh 5,000 na kupungukiwa KSh 400. Akiba inaziba pengo, na Alhamisi mechi iko palepale. Tena, seva nyingi hulipiwa kwa dola au yuro, na shilingi ikipungua nguvu bili hupanda bila kuuliza mtu.

Kuchanga mara moja kwa miezi mitatu kuna faida nyingine: unalipa ada ya kutuma mara moja badala ya mara tatu, na mweka hazina anafuatilia watu mara nne tu kwa mwaka. Anayeona KSh 500 kwa mpigo ni nzito aruhusiwe kulipa kwa awamu. Asiyeweza kabisa acheze tu. Seva yenye watu kumi wanaolipa na wanne wasiolipa ni hai. Seva yenye watu kumi peke yao, siku watatu wakisafiri, inarudi kuwa tupu.

Mambo manne ya mweka hazina

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Fanya hivi:

1. Tenga pesa ya kundi. Usiichanganye na ya unga na nauli. Kama laini yako ina deni la huduma ya kukopa salio likipungua, pesa ya wenzako inaweza kukatwa deni hilo mara tu inapoingia. Maliza deni kwanza, au mwachie mwingine kazi hiyo.
2. Andika kila muamala. Tarehe, jina, kiasi, na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Jedwali moja ambalo wote wanaweza kulisoma linatosha.
3. Usipige picha ujumbe mzima na kuuweka kwenye kikundi. Ujumbe wa muamala unaweza kuonyesha salio lako na namba ya simu ya mwenzako. Namba ya muamala na kiasi vinatosha kuthibitisha.
4. Toa ripoti fupi kila awamu. "Tumepokea KSh 6,000 kutoka kwa watu 12. Tumelipa seva KSh 5,400. Akiba KSh 600." Mistari mitatu, na maneno ya pembeni yanakosa pa kuanzia.

Zawadi sawa, kamari hapana

Kundi likichangamka, mtu atapendekeza: "Kila mtu aweke mia tano, mshindi achukue zote." Simama hapo. Kuweka dau ili mshindi achukue kunaingia kwenye eneo la michezo ya kubahatisha, na nchini Kenya biashara hiyo inahitaji leseni. Hata bila sheria, dau hubadilisha kundi. Wabovu huacha kuja, na kila mechi inakuwa na kesi ya kuamuliwa.

Zawadi ndogo kutoka kwenye akiba, mkikubaliana wote, haina shida: bando la wiki, au jina la mshindi kuandikwa kwenye ukurasa wa mbele wa seva hadi mwezi uishe. Usicheke. Kuna watu wazima na kazi zao ambao hulala usiku wa manane kwa ajili ya jina hilo.

Walaghai wanapenda vikundi vinavyoaminiana

Kundi la marafiki wa miaka kumi na tano ni shabaha nzuri kwa mwizi, maana hakuna anayeuliza maswali. Kumbuka haya:

- Ukipata ujumbe "nimebadilisha laini, mchango tuma huku", mpigie mweka hazina kwa namba yake ya zamani na usikie sauti yake.
- Kabla ya kuthibitisha, soma jina la mpokeaji. Jina lisipolingana, katisha.
- Ujumbe wa "umepokea pesa" unaweza kughushiwa. Mweka hazina aangalie salio au orodha ya miamala kabla ya kuandika "imefika".
- Mtu asiyejulikana akikwambia ametuma kimakosa na anataka umrudishie haraka, usimtumie. Mwelekeze kwa huduma kwa wateja ili muamala urejeshwe kwa njia rasmi.
- Namba ya siri ni yako peke yako. Hata mfanyakazi wetu hatakuuliza.

Mtu mmoja asiwe na funguo zote

Tuseme hili waziwazi, ingawa ni zito. Kundi likizeeka, kuna siku mwenzenu hataingia. Pengine amepata mtoto, pengine amehama, pengine ni mgonjwa, na pengine ndiyo safari ya mwisho. Kama yeye peke yake ndiye aliyejua nywila ya seva na barua pepe ya bili, mtampoteza yeye na mahali mlipokutana kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo wawili wawe na nywila ya seva, kila mmoja na akaunti yake ya uadmini. Tarehe ya bili ijulikane na wote. Nakala ya mipangilio na ramani ihifadhiwe mahali pawili, angalau mara moja kwa miezi mitatu. Lakini namba ya siri ya pesa haihusiki hapa. Hiyo haigawanywi kamwe. Mweka hazina akibadilika, anatuma salio kwa mpya, anaonyesha daftari, na kazi imekwisha.

Anza wiki hii

- Leo: uliza nani alicheza mwezi uliopita, uandike majina.
- Kesho: tangaza siku moja, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kwa miezi mitatu.
- Kabla ya Jumamosi: chagueni mweka hazina na mkaguzi, na fanyeni hesabu ya awamu ya kwanza.
- Usiku wa mechi: fungua seva robo saa mapema, hata kama ni wewe peke yako.

Usiku wa kwanza wakija wanne, chezeni wawili kwa wawili na mmalize kwa wakati mliosema. Wiki ijayo hao wanne watakuja tena, na kila mmoja anamjua mtu mmoja aliyeacha kucheza miaka mitatu iliyopita na bado ana gemu kwenye kompyuta yake. Mwambieni ni Alhamisi, saa tatu usiku.